Bia Iliyolala

Tarehe 17 Oktoba 1814, saa kumi na nusu alasiri hivi, pete ya chuma ilichomoka kwenye tangi la mbao ndani ya kiwanda cha bia cha Horse Shoe, London. Karani wa ghala aliiona. Hakushtuka, maana pete za matangi yale zilikuwa na desturi ya kuchomoka mara mbili tatu kwa mwaka, na mkubwa wake alimwambia halina neno. Akaandika barua fupi ya kuomba itengenezwe. Alikuwa angali ameishika barua hiyo mkononi tangi lilipopasuka.

Ndani mlikuwa na zaidi ya mapipa 3,500 ya bia nyeusi ya Kiingereza iitwayo porter, zaidi ya lita nusu milioni. Ukuta wa nyuma wa kiwanda ulianguka. Nyuma ya ukuta ule ulikuwa mtaa wa St Giles, makazi ya mafukara, wengi wao Waayalandi, na baadhi wakiishi katika vyumba vya chini ya ardhi. Walikufa watu 8, wanawake na watoto watupu. Wengine kati yao walikuwa wamekaa matanga ya mtoto wa miaka miwili aliyefariki siku moja kabla. Baraza la uchunguzi likasema ni ajali isiyo na mwenye kosa. Baadaye Bunge liliirudishia kampuni kodi iliyokuwa imeshalipia bia iliyomwagika. Hakuna aliyelazimishwa kuwalipa wafiwa.

Habari hii husimuliwa sana siku hizi, na husimuliwa kama kichekesho, ati mafuriko ya bia. Mimi sicheki, na kilichonishika zaidi ni jambo dogo ambalo wasimulizi hulipita haraka: bia ile ilikuwa na umri wa miezi kumi. Kwa nini mtu aweke bia miezi kumi? Na kwa nini aiweke nyingi namna hiyo, nyuma ya ukuta wa matofali, jirani na vyumba vya watu?

Ilikuwa imelazwa ili ipande bei.

Katika Kiingereza cha leo neno stale ni tusi. Mkate ulioshupaa, hewa ya chumba kisichofunguliwa madirisha, mzaha uliorudiwa mara mia, vyote huitwa hivyo. Kwa mnywaji wa London wa karne ya 18 lilikuwa neno la sifa. Bia changa iliitwa mild. Iliyokaa mpaka ikatulia iliitwa stale, na hiyo ndiyo iliyouzwa ghali. Mteja aliweza kuomba ya aina moja, au achanganyiwe zote mbili kwa kipimo anachokipenda mwenyewe.

Kiswahili kina neno la jirani, nalo halijapoteza hadhi yake: kiporo. Wali wa jana uliopashwa asubuhi na kunywewa chai ya rangi, maharage yaliyolala mpaka nazi ikawaingia, sijawahi kuingia nyumba ambayo watoto hawavigombanii. Ila kiporo chetu kina mwisho. Kikilala usiku wa pili kwenye joto la pwani, hakuna wa kukisifu. Kiporo cha Mwingereza kililala mwaka.

Iliwezekana kwa sababu ya hopsi, yale maua machungu ambayo huwazuia bakteria wengi, na kwa sababu bia yenyewe ilikuwa kali. Lakini si kila kiumbe kilizuiwa. Ndani ya mbao za tangi waliishi wadogo ambao wakati ule hakuna aliyewajua: hamira ya mwituni, na bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa. Hamira ya kawaida ilipomaliza sukari nyepesi na kutulia chini, hawa walianza zamu yao, polepole, wakila mabaki. Utamu ulikauka, uchungu wa hopsi ukapoteza makali, uchachu ukaingia, na juu ya hayo ikaja harufu ambayo wanaoipenda huifananisha na ngozi, tandiko la farasi, au matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Mwaka 1904 mwanasayansi wa maabara ya Carlsberg huko Denmark, N. Hjelte Claussen, alisimama mbele ya watengenezaji bia mjini London akawaambia amempata mwenye kazi hiyo. Alimwita Brettanomyces, yaani kuvu wa Uingereza. Kwa bahati mbaya alikuwa amechelewa. Ladha ya Waingereza ilikuwa imeshahama. Wateja walitaka bia changa, na wenye viwanda walikuwa wamegundua kwamba bia inayouzwa baada ya wiki chache hurudisha fedha haraka kuliko ile inayolala mwaka mzima. Matangi makubwa yakavunjwa. Neno stale likabaki bila kazi, kisha likapewa kazi mbaya.

Ninavyoona mimi, ladha ile ilikuwa ladha ya mtaji. Kulaza bia mwaka ni kulaza fedha mwaka. Aliyeweza kufanya hivyo alikuwa na ghala, na mkopo wa benki, na chakula mezani huku akisubiri.

Upande wa pili wa jambo hili naujua bila kusoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika mbege huko Rombo, mashariki ya Kilimanjaro, na aliishi maisha yake yote ya biashara akikimbizana na siku tatu.

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, kisha huachwa zichachuke siku kadhaa, zikachujwa. Ulezi huloweshwa, ukaoteshwa mpaka uwe kimea, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Uji ukipoa huchanganywa na maji yale ya ndizi pamoja na magome ya msesewa, mti mchungu, ambao kwa Wachagga hufanya kazi inayofanana na ya hopsi kwa Wazungu. Kesho yake iko tayari.

Siku ya kwanza ni tamu na nzito, hata mgeni asiyezoea humaliza kata yake. Siku ya pili utamu umepungua na nguvu imepanda. Hiyo ndiyo waliyoisubiri wazee. Siku ya tatu imechacha. Walikuwepo walioipenda hata hiyo, lakini walikuwa wachache na walitaka wapunguziwe bei. Siku ya nne hakuna biashara. Mtu yeyote kilabuni alijua pombe iliyo mbele yake ina siku ngapi, na kama hakujua alionja akajua. Swali la kwanza la mteja halikuwa bei. Aliuliza, "Mama, hii ni ya lini?"

Kwa hiyo bibi hakupanga kazi kwa kalenda ya ukutani. Alianzia siku ya gulio akahesabu kurudi nyuma: siku ya kuchanganya, siku ya kusaga, siku za kuanika, siku ya kulowesha ulezi. Mvua ikizuia kuanika, hesabu yote ilisogea. Msiba ukitokea kijijini, ilivunjika kabisa, isipokuwa kama msiba wenyewe ulihitaji pombe.

Masika moja, nikiwa darasa la tano, mvua ilikata barabara usiku wa kuamkia gulio. Ndoo zilikuwa zimepangwa jikoni, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na ukitega sikio ulisikia povu likipumua. Gulio halikukaa. Asubuhi hiyo bibi alituma watoto kwa majirani kutangaza bei ya nusu. Mchana alianza kukopesha, akikariri majina kwa kuwa hakuwa na daftari. Kesho yake aliwaita wanaume wa ukoo waje kuzibua mfereji, wakazibua, wakanywa. Siku ya tatu iliyobaki aliimwaga kwenye migomba. Alifanya hivyo bila kulalamika na bila kutuangalia. Fedha ile ilikuwa ya kununulia ulezi wa safari nyingine, na daftari za wajukuu wanne.

Kwa Kiswahili cha mitaani mtu akiishiwa fedha husema amechacha. Watu huisema wakicheka. Mimi nililiona neno likiwa kweli tupu: pombe imechacha, na mwenye pombe naye amechacha.

Muda una gharama, na lazima apatikane wa kuibeba. London ilibebwa na matajiri, ikawarudia kama faida. Jioni moja ya 1814 ilibebwa na St Giles. Rombo ilibebwa na mwanamke mmoja jikoni kwake. Historia ya ladha ya bia inapoandikwa na wakemia tu, jambo hili hupotea, kana kwamba kuchacha ni habari ya molekuli peke yake.

Lakini molekuli zenyewe zina kisa, nacho nakipenda.

Mtu aliyetaka kuufukuza muda kabisa kutoka ndani ya bia alikuwa Louis Pasteur, na nia yake haikuwa ya kisayansi tu. Ufaransa ilikuwa imetoka kupigwa na Wajerumani katika vita vilivyoanza 1870. Pasteur, ambaye hata hakuwa mpenzi wa bia, alidhamiria kuwapa Wafaransa bia ya kulipiza kisasi kwa taifa. Mwaka 1871 alianza majaribio katika kiwanda kidogo karibu na Clermont-Ferrand, kisha akavuka kwenda London, akaingia kiwanda cha Whitbread, akaomba aonyeshwe hamira ya porter. Aliiweka chini ya hadubini na kuwaonyesha wenyeji wake viumbe vyembamba kama nyuzi vilivyojichanganya na hamira, akawaambia hao ndio wanaowatia hasara. Siku chache baadaye aliporudi alikuta wameshanunua hadubini yao.

Kitabu chake kuhusu bia kilitoka 1876. Jina lake ni refu kama la vitabu vya enzi hizo, na ndani ya jina hilo anaahidi kueleza magonjwa ya bia, visababishi vyake, na njia ya kuifanya isiyobadilika. Neno hilo la mwisho ni zito kwa mtu wa maabara. Angeweza kuahidi bia inayodumu. Aliahidi bia isiyobadilika.

Ahadi ilitimia nusu. Bia ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 60 kwa dakika kadhaa, viumbe wanaoichachusha hufa. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg, Emil Christian Hansen alifanikiwa kuotesha hamira safi kutoka kwenye chembe moja, hivyo kiwanda hakikuhitaji tena kubahatisha ni hamira gani imeingia leo. Mwaka 1892, huko Baltimore, Marekani, William Painter alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno, hicho hicho ambacho watoto wetu huchezea bao na drafti. Bia ikatoka kiwandani imefungwa, imepashwa, haina kiumbe hai cha kuiharibu. Ikawekwa ghalani. Ikaharibika.

Ilikuwa kama pale muziki wa harusi unapozimwa, ndipo unasikia jenereta. Jenereta lilikuwa likinguruma muda wote. Kumbe bia ina kuchakaa kwa aina mbili. Kwa kwanza ni kwa viumbe, na huko ndiko kulikofanya kazi London na jikoni kwa bibi. Kwa pili hakuhitaji kiumbe chochote. Ni bia yenyewe, ndani ya giza la chupa, vitu vyake vikigusana, vikivunjika na kuungana upya.

Chanzo kimoja ni mafuta ya shayiri. Ni machache, lakini yakikutana na oksijeni, kuanzia kwenye kimea na wakati wa kupika, huzaa vitu ambavyo baadaye hujitokeza chupani. Mwaka 1970 wakemia wawili wa kampuni ya Molson nchini Kanada, Jamieson na Van Gheluwe, walikitaja kimoja kwa jina: nonenali. Harufu yake ni ya boksi lililolowa. Ulimi wa binadamu huikamata katika kiwango cha sehemu ya kumi ya mikrogramu kwa lita moja. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: gramu moja, pungufu ya robo ya kijiko cha chai, inatosha kuonekana katika lita milioni 10, sawa na chupa milioni 20 za nusu lita.

Kwa muda watu walidhani mchawi amepatikana. Baadaye ikaonekana ana ndugu wengi. Kuna kinachonuka kama viazi vya kuchemsha, kuna kinachoelekea asali, kuna cha mkate na cha mvinyo uliokaa wazi. Mwaka 1977 mtafiti C. E. Dalgliesh alichora mchoro ambao watu wa bia wanauonyeshana mpaka leo. Uchungu unashuka tangu mwanzo. Harufu fulani, aliyoiita kwa jina la mmea wa Ulaya uitwao ribes, inapanda upesi kisha inashuka. Nyuma yake utamu wa tofi na harufu ya boksi vinapanda taratibu. Mchoro wenyewe hauna namba za uhakika, maana kila bia ina mwendo wake, lakini mpangilio wake unatambulika. Mtu akionja bia iliyokaa miezi sita kwenye stoo yenye joto na kusema imekuwa tamu tamu, haijakosa kitu ila haina uhai, amesoma mchoro wa Dalgliesh kwa ulimi.

Hapo kwenye ribes ndipo mwonjaji wa kwetu anapokwama. Viwanda vya dunia vinatumia gurudumu la ladha lililopangwa na Morten Meilgaard na kuchapishwa 1979, lenye maneno zaidi ya 100. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini imejaa jikoni na bustani za Ulaya. Mtoto wa Rombo au wa Kisumu ataijuaje harufu ya majani ya zabibu nyeusi za Uingereza? Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe huieleza harufu hiyo hiyo kwa jina la pili, mkojo wa paka, na hapo sote tunaelewana mara moja. Hata harufu ya bia iliyopigwa na jua, ambayo Wazungu huifananisha na mnyama wa Marekani anayetoa uvundo, Kiswahili kina mnyama wake: kicheche. Mwanga ukipenya chupa huuvunja uchungu wa hopsi, na kipande kinachopatikana kikishikana na salfa kinazaa harufu ya kicheche kabisa, tena kwa dakika chache za jua kali kama chupa ni nyeupe. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo, ingawa inapendeza.

Bia ya namna hiyo, iliyofungwa na kupashwa, ndiyo iliyofika Afrika Mashariki. Mwanzoni ilikuja kwa meli na kupanda reli hadi kwa walowezi. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Breweries jijini Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo, na kutokana na hilo likaja jina Tusker. Hadithi ya tembo kila mtu anaijua. Inayosahaulika ni kwamba sheria ya kikoloni Kenya ilimzuia Mwafrika kununua bia ya chupa mpaka miaka ya 1940. Na wakati huo huo, katika mji huo huo, tangu miaka ya 1920 manispaa ilijipa haki ya pekee ya kuuza pombe ya kienyeji kwenye ukumbi wake wa Pumwani, na mwanamke aliyepika chumbani kwake akawa mhalifu.

Wanahistoria wamelieleza hilo kwa kodi, kwa nidhamu ya vibarua, kwa hofu ya wazungu juu ya walevi weusi. Yote ni kweli. Mimi naongeza siku tatu. Chupa iliyopashwa moto inaweza kukaa stoo ikahesabiwa, ikatozwa ushuru, ikasubiri leseni, ikasafirishwa mpaka Kisumu ikiwa na mwenyewe ofisini Nairobi. Pombe ya mtungi haiwezi kufichwa mpaka askari wapite, kwa kuwa wakipita keshokutwa imekwisha. Ilibidi iuzwe leo, na anayelazimika kuuza leo hukamatwa leo. Wapika pombe wa mijini waliijua hesabu hiyo kama bibi alivyoijua ya gulio, ila wao walioongezewa askari ndani yake.

Na bado chupa haikuushinda muda. Iliuficha tu mahali ambapo mteja hauoni. Watengenezaji wa bia wana kanuni yao ya mkato: siku 3 kwenye nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3, huchakaza bia kwa kiasi kinachokaribiana. Ni kanuni ya makadirio, mtu asiipeleke mahakamani. Lakini nyuzi 32 ni mchana wa kawaida wa Februari jijini Dar es Salaam, kivulini, achilia mbali ndani ya lori la turubai lililokwama mizani. Tarehe iliyochapwa kwenye lebo huhesabu siku. Haihesabu joto. Chupa mbili zilizozaliwa siku moja, moja ikaenda Njombe na nyingine Tanga, baada ya miezi miwili si bia moja tena, na lebo zao zinasema kitu kilekile.

Katika baa zetu mhudumu akileta kopo la oda huuliza kwanza, "Baridi au ya moto?" Ya moto maana yake haikuingia friji. Wageni hushangaa, wengine hucheka, na wapo Watanzania wa mjini wanaodhani ni ushamba. Sababu wanazotoa wanywaji ni kifua, mafua, meno, na mazoea ya wakati ambapo umeme ulikuwa wa bahati. Mimi nawaheshimu kwa sababu nyingine. Baridi hufa ganzi ulimi. Bia ya nyuzi 3 inaweza kuwa na boksi zima ndani yake usilisikie mpaka nusu ya glasi. Wa ya moto hana pa kujificha, yeye na bia yake. Wazee kadhaa niliowahi kukaa nao Moshi walikuwa wakinusa chupa kabla ya kumimina, wakairudisha moja katika kreti na kudai nyingine, bila kuangalia tarehe. Hawakuwa na neno la Dalgliesh. Walisema, "Hii imelala."

Kuhusu imani kwamba bia ikitoka friji ikapata joto haifai kurudishwa, wenye baa wengi wanaiapia. Kinachoichakaza ni jumla ya muda iliokaa kwenye joto. Kuingia na kutoka mara moja mbili si kitu ukilinganisha na wiki tano juani nyuma ya duka.

Sasa niseme habari ya bia ambayo ilipata karibu kila kitu ambacho mkemia angeiombea. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta mabaki ya meli kwenye visiwa vya Åland, katika Bahari ya Baltiki, kina cha mita 50 hivi. Ilizama miaka ya 1840. Ndani mlikuwa na shampeni nyingi, na chupa chache za bia. Moja ilipasuka ilipoletwa juu, ikatoa povu mbele yao. Kule chini kulikuwa na giza totoro na baridi ya friji, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyezigusa tangu kabla Pasteur hajawahi kuinama juu ya hadubini ya Whitbread.

Watafiti wa Finland walizifungua mbili na kutoa ripoti 2015. Maji ya bahari yalikuwa yamepenya kwenye vizibo. Waliandika kwamba bia ilinuka mpira ulioungua, jibini iliyopita kuiva, na mbuzi. Niliposoma hapo nilimfikiria beberu, kwa maana zake zote mbili. Hata hivyo chini ya uvundo huo waliweza kusoma mengi: hopsi zilitumika, na moja ya bia hizo ilikuwa na hopsi nyingi kuliko nyenzake, yaani zilikuwa bia mbili tofauti. Hamira ilikuwa imekufa zamani. Bakteria wa kuchachusha, baadhi yao, walikuwa hai.